Sungura Ishirini na Wawili wa Saba Saba

Dominika Beda alijua kama sungura ameiva kwa kumpuliza. Alimweka mapajani juu ya kipande cha gunia, akainamisha uso, akapuliza taratibu ubavuni mpaka manyoya yakagawanyika na ngozi ikaonekana. Kama chini ya manyoya marefu palikuwa na mengine mafupi yaliyoanza kuota, sungura alikuwa tayari kuvunwa. Kama palikuwa na ngozi tupu, alimrudisha kizimbani akasubiri. Hakuwa na kipimo kingine, na kwa miaka miwili hicho hakikumdanganya.

Sungura wa angora hubadilisha manyoya kila baada ya miezi mitatu au zaidi kidogo. Wakati huo manyoya ya zamani hulegea yenyewe. Mvunaji hubana ngozi kwa mkono mmoja isivutike, na kwa mkono wa pili hushika nywele chache kati ya kidole gumba na cha shahada, akazivuta kufuata mlalo wake. Zilizoiva hutoka bila mnyama kushtuka, wengine husinzia. Sungura mmoja huchukua saa nzima na kutoa gramu themanini, akizidi sana mia. Dominika alivuna mbavu kwanza, kwenye manyoya marefu na safi kuliko yote, kisha shingo. Tumbo hakuligusa. Mgongoni aliacha ukanda wenye upana wa viganja viwili, ambao aliurudia wiki tatu baadaye, mbavu zilipokuwa zimeanza kufunika. Utaratibu huo wa ukanda hakufundishwa na mtu. Aliubuni mwenyewe kwa sababu ya upepo wa baridi wa Ufipa.

Kazi hii aliipata kwa sababu ya nyonga. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, lori lililokuwa linahamisha watu na vyombo vyao liliyumba kwenye kivuko, Dominika akaanguka, na kinu cha jirani kikamfuata. Alikuwa na miaka arobaini na saba, mjane, na binti zake wawili walikuwa wameolewa mbali, ng'ambo ya bonde la Ziwa Rukwa. Aliingia katika kijiji kipya cha Isunda, upande wa Chala, amelazwa juu ya mlango wa nyumba yake ya zamani. Nyonga ya kushoto iliunga vibaya. Alipopona aliweza kusimama na aliweza kukaa. Kuinama hakuweza tena.

Katika Isunda kila mtu mzima alifanya kazi siku tatu za wiki katika shamba la kijiji. Masika walilima matuta ya mviringo ya Kifipa, majani yakifukiwa chini yaoze. Kiangazi waliteremka kulima maharage bondeni. Kazi zote mbili ni za kuinama. Kila mtu alipimiwa ngwe yake, na asiyeimaliza jina lake lilisomwa mkutanoni. Kwa miaka miwili jina la Dominika lilisomwa kila mkutano, pamoja na majina ya walevi na wavivu. Watoto walimwita kupe, neno walilolisikia kwa wakubwa. Mara moja mwenyekiti wa kijiji, Sebastiani, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani, alimsimamisha mbele ya watu ageuke huku na huku, ili kila mmoja aone kama kweli ana ulemavu.

Mwaka 1976 masista wa misheni walikipa kijiji sungura sita. Sebastiani aliuliza nani anajua habari za nyuzi. Dominika alinyoosha mkono.

Hakuwa anadanganya. Baba yake, Beda, alikuwa miongoni mwa wafumaji wa mwisho wa nguo nzito za pamba walizovaa Wafipa kabla maduka hayajajaa khanga na kaniki. Pamba ilipandishwa kutoka bondeni kwenye joto, na binti ndiye aliyekuwa anaichambua. Alijua kwa vidole kwamba uzi wa pamba ni mfupi, umejisokota wenyewe, na ndiyo maana hukubali kusokotwa. Masista walimwonyesha sufu ya kondoo iliyoletwa kutoka Mbeya: ina mafuta, ina mawimbi, ukiivuta inarudi. Manyoya ya sungura hayakufanana na chochote kati ya hivyo viwili. Yalikuwa laini kuliko pamba, membamba kuliko sufu, makavu, hayana mafuta wala mawimbi. Yaliteleza kwenye pia ya kusokotea. Ukitaka uzi wa kudumu lazima uyachanganye na sufu kidogo ili yapate cha kushikilia. Lakini yana joto ambalo sufu haifikii, kwa kuwa kila unywele una uwazi ndani yake na unashika hewa. Dominika alijaribu siku moja: alitia mkono wa kulia ndani ya manyoya ya kondoo na wa kushoto ndani ya manyoya ya sungura, akakaa kizingitini asubuhi ya mwezi wa sita. Mkono wa kushoto ulitoka jasho.

Mradi wa sungura ulihesabiwa kuwa ndiyo kazi yake ya kijiji. Mradi ukiwepo, hashiki jembe. Ukifa, anarudi kwenye ngwe. Hilo alilijua yeye, na walilijua wote. Luciana, mwanamke wa miaka ishirini na saba aliyekaa nyumba ya pili, alikuwa akipita kibandani kila asubuhi na jembe begani.

"Mama Manyoya, umeamkaje? Sisi tunakwenda kujenga taifa. Wewe endelea kubembeleza."

"Nimeamka salama, mwanangu. Lima vizuri."

"Nitalima na ya kwako, kama kawaida."

Katikati ya mwaka 1978 sungura walikuwa ishirini na wawili. Uvunaji wa mwisho ulifanyika katikati ya mwezi wa tano. Mwishoni mwa mwezi wa sita Sebastiani alirudi kutoka kikao cha kata na habari kwamba Isunda itapeleka kwenye maonyesho ya Saba Saba, mjini Sumbawanga, gunia zima la manyoya ya angora. Vijiji vingine vilikuwa vimeahidi mahindi, ulezi na maharage. Yeye aliahidi kitu ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho, na aliahidi bila kuuliza kama kipo.

Tarehe nne ya mwezi wa saba alikuja kibandani bwana mifugo, Andwele, kijana wa Tukuyu mwenye miaka ishirini na sita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wapulize mwenyewe uone."

Andwele alichuchumaa, akapuliza watatu mmoja baada ya mwingine. Ngozi tupu.

"Hawajaiva," alisema.

"Wiki saba tu. Mwambie Mwenyekiti."

"Nimwambie nini, mama, na gunia ameshaliahidi?"

"Mwambie watakufa na baridi. Wewe umesomea."

Andwele alisimama akajikung'uta magoti. "Barua yangu ya uhamisho wa kwenda Mbeya iko mezani kwa wakubwa. Mwezi huu sitaki kuitwa mkwamishaji." Akafikiri kidogo. "Tungewakata kwa mkasi, tuwaachie upana wa kidole. Wangebaki na cha kujifunika."

Hilo lilikuwa wazo zuri, na Dominika aliliunga mkono haraka. Mkasi huacha kisiki cha manyoya juu ya ngozi. Hasara yake ni kwamba unywele unatoka mfupi. Sebastiani alipofika na wajumbe wawili wa halmashauri walimweleza. Aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Ukikata, gunia linajaa?"

"Halijai," alijibu Dominika.

"Basi vuna kwa mkono. Mbona kuku tunawanyonyoa kila siku?"

"Kuku unamnyonyoa akishakufa, ndugu Mwenyekiti."

Wajumbe walicheka, mmoja akashika tumbo. Sebastiani hakucheka. Mtu aliyekuwepo anasema shauri liliamuliwa na kicheko kile; kabla ya hapo pengine angekubali nusu gunia.

"Kama kazi imekushinda, Mama Dominika, sema hapa mbele ya mashahidi. Luciana yupo, ana mikono miwili. Na jembe lako bado liko ghalani."

Dominika alikaa juu ya kigoda, akatandika gunia mapajani, akamtoa sungura wa kwanza.

Manyoya ambayo hayajaiva yameshikwa na ngozi. Kuyatoa lazima uvute kwa nguvu, na mara nyingine ngozi hutoka nayo, vipande vidogo kama pumba. Sungura hana sauti siku zote za maisha yake, lakini akiumizwa hivyo hupiga ukelele mwembamba kama wa mtoto mchanga. Watu wa Isunda hawakuwahi kuusikia. Siku ile waliusikia kutoka asubuhi mpaka jua linazama, na watoto wa shule walikuja kuchungulia, wakaigiza. Dominika alifanya kumi na mmoja. Aliwaachia tumbo, na aliwaacha na ukanda wa mgongoni. Manyoya hayakufika hata theluthi ya gunia, kwa sababu manyoya mafupi hulala, hayavimbi.

Kesho yake Sebastiani alikuja, akakandamiza gunia kwa kiganja, akaenda kufungua vizimba.

"Hawa mbona bado wamevaa makoti?"

"Ni ya kujikinga. Usiku hapa maji yanaganda."

"Gunia halijajaa na wewe unawavisha makoti."

"Basi nipewe blanketi mbili za ghala la shule, nizibe kibanda upande wa upepo. Nitatoa yote."

Sebastiani aliwageukia watu waliokuwa uani. "Mmemsikia? Sungura walale na blanketi! Mtoto wa mkulima analala ndani ya gunia la mbolea, sungura wa Mama Dominika wanataka blanketi ya serikali. Tuwaletee na chai?"

Watu walicheka tena, safari hii upande wake. Na alichosema kuhusu watoto kilikuwa kweli.

Dominika alitoa yote: mgongo, tumbo, mapaja, mpaka manyoya ya masikioni. Majike mawili yalikuwa na mimba. Jike akikaribia kuzaa hujinyonyoa tumbo mwenyewe, akatandikia watoto. Manyoya hayo nayo yalikwenda guniani, na jike mmoja alizaa jioni ile ile juu ya majani makavu, watoto sita, wote wakawa wamekakamaa kabla ya ugali kuiva. Hakuna mtu aliyemshika Dominika mikono wala kumpiga. Alivuta unywele mmoja mmoja akijua kitakachotokea, kwa sababu upande wa pili kulikuwa na jembe. Mpaka jioni ya tarehe tano alikuwa amemaliza ishirini na mmoja. Gunia lilifika shingoni.

Wa ishirini na mbili, dume kubwa jeupe, Sebastiani aliagiza aachwe hivyo hivyo. Huyo alitakiwa avunwe Sumbawanga, mbele ya watu, na mvunaji awe Dominika.

Kabla ya kupanda lori alimkabidhi Luciana kibanda. Alimweleza mara mbili: majani makavu mpaka juu ya migongo yao, mikeka upande wa kusini, maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni, wasibanduliwe kwenye kona walikojikusanya.

"Nimesikia, Mama Manyoya. Niwaimbie na nyimbo?"

"Usiwaimbie. Wafunike tu."

Uwanja wa maonyesho ulijaa. Gunia la Isunda lilivuta watu kuliko mahindi na maharage ya vijiji vyote, kwa sababu Sebastiani aligundua mchezo: aliwaita wanaume wenye miraba minne, akawaambia wabebe gunia, na walipojikaza wakajikuta wanalinyanyua kwa kidole, uwanja mzima ulipiga makofi. Gunia lile lile lingebeba kilo mia za mahindi. Manyoya yaliyokuwa ndani hayakufika kilo mbili.

Saa nne Dominika aliitwa jukwaani na dume jeupe. Sebastiani alishika kipaza sauti akaeleza kwamba mnyama huyu anavuliwa nguo kisha anajishonea nyingine. Dominika alivuta mara ya kwanza. Dume lilipiga ukelele, na kipaza sauti kilichokuwa karibu kikaubeba mpaka barabarani. Watu waliangua kicheko.

"Analia kama bibi harusi!" alipiga kelele mtu mmoja.

"Mama, taratibu, usimmalize!" alisema mwingine, na kicheko kikaanza upya.

Iliendelea hivyo kwa saa nzima. Kila walipochoka kucheka, dume lilipiga ukelele tena na wakaanza tena. Dominika hakuinua uso. Pembeni mwa ubavu wa kushoto ngozi ilichanika urefu wa kidole, akaibana kwa gumba ili waliokaa mbele wasione damu.

Majaji walikuwa watatu. Wawili walikuwa wakubwa wa ofisini. Wa tatu alikuwa Rozina, mwalimu wa ufumaji kutoka Mbeya. Alichota manyoya guniani, akayatandaza juu ya kitambaa cheusi kando ya pamba, katani na sufu ya kondoo, akayapima kwa rula. Kisha akayasugua kati ya vidole na kunusa. Alimwita Dominika kando.

"Nani amekufundisha kuvuna?"

"Masista. Na mwenyewe."

"Tazama. Hii katani, ukiikata hata fupi bado ina nguvu, inafaa kamba. Pamba ni fupi kwa asili yake. Hii ya kwako nguvu yake ni urefu tu, ikipungua urefu haisokoteki, itachomoka kwenye nguo mpaka ibaki matundu. Hakuna hata unywele uliofika inchi mbili. Na hizi pumba nyeupe ni ngozi." Alizigusa moja moja kwa ncha ya penseli. "Uliwanyonyoa manyoya mabichi. Ulijua?"

"Nilijua."

"Wako wapi sasa?"

"Nyumbani. Uchi."

Rozina alikunja kitambaa chake. "Mimi nimeandika sifuri," alisema.

Sifuri yake ilikuwa moja kati ya alama tatu. Wale wawili waliliandikia gunia alama za juu kabisa, na Isunda ikawa ya kwanza katika mazao yasiyo ya chakula. Zawadi ilikuwa cheti na majembe mapya kumi yaliyotiwa mipini.

Walirudi tarehe nane mchana. Dume jeupe lilikufa njiani ndani ya tenga, upepo wa lori ukilipiga. Dominika aliteremshwa, akaenda kibandani moja kwa moja bila kupitia nyumbani. Luciana alikuwa amekaa nje ya mlango. Majani yalikuwa yamejazwa kama alivyoagiza, mikeka imefungwa upande wa kusini, na chungu cha maji kilikuwa bado na joto kidogo. Ndani, kwenye kona moja, sungura kumi na wanne walikuwa wamekufa wakiwa wamepandana, kila mmoja akijaribu kuingia chini ya mwenzake. Saba walikuwa wanapumua.

"Nilifanya yote," alisema Luciana. Safari hii hakutania. "Yote uliyoniambia."

"Naona."

Kijiji kilikuwa kinangoja kusherehekea cheti. Sebastiani alipoambiwa alifikiri muda mfupi, akasema nyama isiharibike. Dominika, kwa kuwa ndiye aliyewazoea, aliambiwa awachune. Kazi ilikuwa rahisi kuliko kawaida. Pombe ya ulezi ilikuwa tayari, sufuria tatu zikainjikwa, na mzee mmoja akasifu kwamba nyama ya sungura ni laini kama ya kifaranga. Katika siku nne zilizofuata wakafa wengine wanne. Hao hawakuliwa, kwa sababu walikuwa wamekonda.

Mkutano wa kijiji ulikaa wiki iliyofuata. Ajenda ya pili ilikuwa mradi wa sungura.

"Walikuwa ishirini na wawili," alisema Sebastiani. "Leo ni watatu. Mama Dominika, eleza."

"Walinyonyolewa kabla ya wakati. Nilisema mapema, mbele ya wajumbe."

"Nani aliwanyonyoa?"

Dominika alitazama viganja vyake.

"Nauliza, ndugu wananchi, mikono ya nani iliwanyonyoa? Ya kwangu?"

"Ya kwangu," alisema Dominika.

"Luciana, ulipewa maagizo?"

"Nilipewa. Niliyafuata yote," alisema Luciana, na ilikuwa kweli.

Sebastiani aligeuka. "Bwana mifugo ni mtaalamu wetu. Kwa taaluma yako, wamekufa na nini?"

Andwele alisimama. Alitazama karatasi aliyokuwa nayo mkononi, ingawa hakukuwa na kitu cha kusoma.

"Upungufu wa uangalizi," alisema, akakaa.

"Baba, si ulipuliza mwenyewe?" aliuliza Dominika. Andwele alikunja karatasi yake. Mtu mmoja nyuma alicheka, na Sebastiani akatangaza ajenda imefungwa: sungura watatu si kazi ya mtu mzima, watatunzwa na wanafunzi wa darasa la tano. Barua ya uhamisho wa Andwele ilijibiwa mwezi wa tisa, akaondoka.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa nane watu waliteremka bondeni. Majembe ya zawadi yaligawiwa kwa mara ya kwanza, na moja lilitolewa kwa Dominika. Msimamizi alimpimia ngwe sawa na wengine, hatua thelathini kwa kumi. Alijaribu kusimama akilima, jembe halikufika chini. Alijaribu kuinama, akaanguka kifudifudi. Mwishowe aliazima panga, akakata mpini ukabaki urefu wa mkono, akakaa juu ya udongo na kulima akiwa amekaa, akijisogeza kwa makalio, mguu wa kushoto umenyooshwa mbele yake kama kitu cha mtu mwingine.

Sebastiani alipita kukagua saa sita. Alisimama juu yake.

"Umeharibu mali ya kijiji," alisema. "Jembe hilo lilikuwa zima."

Dominika aliendelea kuchimba. Jioni msimamizi alipima: hatua nne. Aliliandika jina lake kwenye daftari la wasiomaliza, akachomeka kijiti mahali alipoishia, akamwambia kesho aanzie hapo.